Mechi Niliyomsimulia Mama

Harufu ya chuma kinachochomelewa ikinifikia popote pale, hata sasa nikiwa mtu mzima mwenye nyumba yake, hunirudisha mtaa wa Umoja, Nairobi, kwenye karakana ya Fundi Mutiso, msimu ule timu yetu ya mpira, Mwewe, ilipoanza ligi bila kufungwa. Karakana yenyewe ilikuwa mabati machache yaliyoegemezwa kwenye ukuta wa mtu, kando ya barabara ya vumbi iliyotenganisha nyumba zetu na soko. Mbele yake palikuwa na mageti na madirisha ambayo hayajakamilika, mengine yamelazwa chini, mengine yamesimamishwa, yote yamepakwa ile rangi nyekundu ya kuzuia kutu, na hewa ya hapo ilikuwa na moshi mchungu uliokukaa kooni hata baada ya kufika nyumbani na kunywa maji. Mutiso alikuwa mtu mwembamba, mpole, asiyepandisha sauti hata mteja akimkasirikia, na alikuwa na redio ndogo aliyoifunga kwa waya kwenye nguzo ya kibanda. Kila Jumatatu, kuanzia saa kumi na moja jioni, wanaume waliotoka kazini walisimama hapo kuizungumzia mechi ya Jumapili, na kwa kuwa hapakuwa na viti, walikaa juu ya mageti ya watu.

Timu yetu ilivaa zambarau. Haikuwa imechukua kombe tangu kabla sijazaliwa, na watu wa mtaa wetu walikuwa wamezoea kuitaja kwa sauti ya kumtaja ndugu mlevi: ni wetu, tutafanya nini. Lakini mwaka ule ligi ilianza na Mwewe wakashinda, wakashinda tena, wakatoka sare ugenini, wakashinda, na kufikia mechi ya saba hakuna aliyekuwa amewafunga. Mazungumzo ya kwa Mutiso yakabadilika. Watu ambao kwa miaka walikuwa wakipita tu wakaanza kusimama. Walibishana kuhusu kocha mpya, kama ni fundi kweli au ana bahati ya mgeni. Walibishana kuhusu winga wa kushoto, jezi namba kumi na moja, kijana ambaye mwaka uliotangulia hakuna aliyemjua na sasa akina mama sokoni walimtaja kwa jina. Kulikuwa na kijana mmoja aliyeosha magari hapo karibu, Kevo, ambaye kila wiki alipanga upya mechi zilizosalia, akazigawa za kushinda na za sare, na kila wiki hesabu yake ilituletea kombe. Na kulikuwa na Mzee Makokha, mstaafu wa reli, aliyekwenda uwanjani kila mechi ya Nairobi na ngoma yake begani. Yeye hakusema mengi. Alikuwa ameshaona misimu mingi iliyoanza vizuri.

Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, na pale kwa Mutiso nilikuwa na cheo. Waliniita Mtangazaji. Ilianza hivi: Jumatatu ya kwanza mama alinituma sokoni, nikapita wakibishana kuhusu bao la kwanza lilivyofungwa, nikawaambia hapana, haikuwa hivyo, baba alikuwa uwanjani na aliniambia yote. Wakanicheka, wakaniambia niseme basi. Nikasema. Nilisema kwa sauti ya watangazaji wa redio, nikiuvuta mwisho wa kila sentensi, nikiwakimbiza wachezaji kwa mikono, na nilipofika kwenye bao Mutiso mwenyewe alikuwa ameinua kinyago chake cha kuchomelea ili anione vizuri. Baada ya hapo nikawa nangojewa. Kama nilichelewa kutoka shule, Kevo angeniuliza nilikuwa wapi, kwamba wazee wamekataa kuanza. Sijawahi tena maishani kungojewa namna ile.

Kila nilichosema nilikitoa kwa baba. Baba alikuwa karani wa ghala katika kiwanda kimoja, mtu wa kalamu sikioni na shati lililopigwa pasi, na siku sita za wiki alikuwa mkimya. Alirudi, alikula, alisikiliza habari, alilala. Lakini Jumapili, baada ya kanisa na chakula cha mchana, alivaa fulana yake ya zambarau na kuondoka kwenda mpirani, na jioni aliporudi alikuwa mtu mwingine. Alikaa mezani kabla hata ya kunawa, akaniita, akanisimulia mechi mwanzo hadi mwisho. Macho yake yaling'aa. Alitumia kijiko, kikombe na kidonge cha ugali kunionyesha namba kumi na moja alivyopita kati ya mabeki wawili, alivyoubeba mpira kwa mguu wa kushoto kana kwamba umeshonewa kwenye kiatu. Alipomtaja kijana yule sauti yake ilishuka kidogo, kama mtu anayesema jambo la kanisani. Mdogo wangu alikuwa bado mchanga na mama alikuwa akizunguka na sufuria, kwa hiyo simulizi lile lilikuwa langu peke yangu. Nilimwomba mara nyingi anipeleke. Alisema uwanjani kuna msongamano, kuna mabomu ya machozi, mtoto wa kike atakanyagwa. Nikamwelewa. Nilifikiri ananipenda.

Najua sasa kwamba dalili zilikuwepo. Jumatatu moja niliwaeleza bao la namba kumi na moja: kwamba alipiga shuti likagonga mwamba, mpira ukamrudia kichwani, akaurudisha wavuni. Kevo akasema lile bao lilikuwa penalti. Kabla sijamjibu, Mzee Makokha akasema kwamba kutoka upande ule baba yangu anakokaa huenda mambo yanaonekana tofauti, na kwamba niendelee. Wiki nyingine nilisema mpira ulitoka ukavuka barabara, mchezo ukasimama mpaka mtu wa bodaboda alipourudisha. Wote walicheka mpaka Mutiso akakohoa. Walidhani nimeongeza chumvi, na mimi nilidhani wamefurahia usimulizi wangu. Mzee Makokha peke yake hakucheka. Aliniuliza kama mama hajambo.

Masika yakaja. Mvua ya Nairobi ina tabia ya kunyesha mtaa mmoja ikauacha wa pili, na Jumapili ya mechi ya nane Umoja palikuwa na mawingu tu. Baba alirudi jioni akiwa mkavu, viatu vimejaa vumbi la kijivu, akiwa na furaha niliyokuwa sijawahi kuiona. Mbili kwa moja. Namba kumi na moja amefunga yote mawili, la mwisho dakika za mwisho kabisa, watu wameingia uwanjani kumbeba. Alinishika mabega akaniambia, siku moja dunia nzima itamjua kijana yule. Usiku ule nililala nikilirudia bao la pili ili kesho nisikosee hata neno.

Jumatatu nilikuwa nimefika kwenye bao hilo la pili, nimepanda juu ya geti ili nionekane, nilipogundua kwamba hakuna aliyekuwa akitabasamu. Mutiso alikuwa amezima mashine yake. Kevo aliniuliza ni mechi gani hiyo ninayotangaza. Nikasema ya jana. Akaniambia jana hakukuwa na mechi, kwamba mvua ilipiga uwanjani dakika ya ishirini, maji yakafika vifundoni, mwamuzi akawarudisha watu nyumbani bila bao lolote, na mechi itarudiwa Jumapili ijayo. Mzee Makokha akasema upesi kwamba pengine mtoto amechanganya, pengine baba yake alikuwa akisimulia mechi ya zamani. Alikuwa akinifungulia mlango nitoke. Nikaufunga mwenyewe. Nilisimama pale juu ya geti nikasema kwa sauti kubwa kwamba sikuchanganya kitu, ni mechi ya jana, baba alikuwa pale na aliona kwa macho yake, na kama wao hawakuona basi hawakwenda.

Nilipogeuka nikamwona mama. Alikuwa amesimama kando ya barabara na mfuko wa sukuma wiki mkononi, akitoka kwenye cherehani yake sokoni, ambako alishona sare za shule. Sijui alikuwa amesimama kwa muda gani. Aliwasalimu wanaume wale mmoja mmoja, kwa heshima, kama ilivyokuwa desturi yake, kisha akasema, "Teremka, Nekesa. Twende nyumbani." Tukaondoka. Nyuma yetu nilimsikia Kevo akianza kusema jambo, na Mzee Makokha akimkataza.

Mama hakumuuliza baba chochote wiki ile. Alipika, alishona, aliimba kidogo kuliko kawaida. Jumapili baada ya chakula baba alipokuwa akivaa fulana yake ya zambarau, mama alitoka chumbani akinishika mkono. Alikuwa amenisuka upya asubuhi ile na kunivalisha blauzi ya zambarau aliyoishona yeye mwenyewe kwa vipande vya vitambaa vya sare. Akamwambia baba kwamba leo niende naye. Baba akataja msongamano. Mama akasema nimekuwa mkubwa. Baba akataja mabomu ya machozi. Mama akasema Mzee Makokha huenda na wajukuu zake na hawajawahi kuumia. Hapakuwa na ukali wowote katika maneno yake. Kisha akanisogeza mlangoni, akanirekebisha kola, na kuniambia kwa sauti ya chini lakini si ya siri, "Ukirudi utanisimulia. Wewe hujawahi kunidanganya."

Nilikuwa na furaha kiasi kwamba sikuona uso wa baba. Tulipofika barabara kubwa nilitazama upande wa mjini, na yeye akageukia upande wa pili. Alisema kuna mahali tupite kwanza. Tulitembea, yeye mbele, mimi nikikimbia kidogo ili nisiachwe, tukaiacha Umoja, tukavuka mto wa maji machafu kwa daraja la mbao, tukaingia mtaa wa Kayole. Ghorofa zikatuzunguka, nguo zikining'inia kutoka kila dirisha, muziki wa makanisa mawili ukigombana hewani. Nyuma ya ghorofa hizo palikuwa na uwanja wa udongo mweusi, uliopasuka pasuka pale jua lilipoukausha na kunata pale maji yalipobaki, wenye magoli ya mabomba yaliyopinda. Kando yake, bila ukuta wala ua, ilipita barabara, na kwenye barabara ile walikuwa wameegesha watu wa bodaboda. Watoto walikuwa wakicheza mpira. Mtu mmoja aliyeshika filimbi alimpungia baba mkono, akamwambia, "Baba Brian, leo umetuangusha. Tumeanza bila wewe."

Baba yangu aliitwa Baba Nekesa. Mtaani, kanisani, kwa wenye maduka, hilo ndilo lililokuwa jina lake, na kila lilipotajwa nilisikia nami nimetajwa. Sasa aliitwa kwa jina la mtoto mwingine na akaitika papo hapo, bila kusita. Kijana mmoja akakimbia kutoka katikati ya uwanja, mrefu kuliko mimi, labda wa miaka kumi na mitatu, paji la uso ni la baba, masikio ni ya baba. Alivaa fulana iliyoandikwa namba kumi na moja kwa kalamu nene. Alimsalimu baba, akanitazama, akatabasamu kwa aibu, na kurudi kucheza. Mara ya kwanza alipougusa mpira, aliugusa kwa mguu wa kushoto.

Sitaki kujifanya kwamba nilielewa yote wakati ule. Nilichoelewa ni kidogo na kilinitosha. Nilielewa kwamba ule mwamba uliogongwa na shuti ndio hili bomba lililopinda, na kwamba yule mtu wa bodaboda alikuwepo kweli. Nilikuwa nimesimama juu ya mageti ya Mutiso wiki baada ya wiki nikishangilia mabao ya mtoto huyu, na yale macho yaliyong'aa mezani kwetu yalikuwa yamebaki huku, kilichofika kwetu ni mwanga wake tu. Mwanamke mmoja akaja na karanga kwenye kipande cha gazeti. Alikuwa na sura ya upole na leso kichwani, na angekuwa jirani yetu ningempenda. Aliinama akaniuliza, "Wewe ndiye Nekesa? Baba yako anakusema kila siku." Hilo ndilo lililoniuma kuliko yote. Wao walitujua. Walijua majina yetu, walijua mdogo wangu ameota meno, walijua mama anashona sare. Sisi tu ndio tuliokuwa hatujui kitu.

Tukirudi, baba alisimama kwenye duka moja, kama nadhani alivyofanya kila Jumapili isipokuwa ile ya mvua, akamuuliza mwenye duka habari za mechi ya Mwewe. Akaambiwa wamefungwa mbili bila. Ilikuwa mara ya kwanza msimu ule, na mwenye duka alisema hivyo akitikisa kichwa kama mtu aliyefiwa. Baba alinunua soda, akanipa, akachuchumaa mbele yangu mpaka nyuso zetu zikawa sawa. Hakuwahi kuchuchumaa mbele yangu kabla ya siku ile. Akasema Brian ni kaka yangu, na kwamba alizaliwa kabla yeye hajamjua mama. Akasema yeye ni baba yetu sote na hana mtoto anayempenda zaidi. Akasema mama akijua, nyumba yetu itavunjika, akaniuliza kama nataka ivunjike. Nikatikisa kichwa. Akaniambia tumefungwa mbili bila, mabao yote kipindi cha pili. "Mengine malizia wewe," akasema. "Wewe unajua kusimulia kuliko mimi."

Nimejiuliza kwa miaka mingi kwa nini nilikubali. Ningependa kusema ni kwa sababu ya hofu, na hofu ilikuwepo. Lakini kulikuwa na kitu kingine nisichopenda kukitaja: alikuwa amenisifu. Nilikuwa nimemwona akimtazama Brian, na mimi nilikuwa nimebaki na kitu kimoja tu cha kumpa: usimulizi wangu. Njia nzima mpaka Umoja nilitembea nikiitunga mechi.

Mama alikuwa ameandaa meza. Alingoja tunawe, akampakulia baba, akanipakulia mimi, akaketi, jambo ambalo hakulifanya mara nyingi wakati wa chakula, akasema haya, nimsimulie. Nikamsimulia. Nilianza na foleni ya kuingia na ngoma ya Mzee Makokha. Nilimweleza jinsi nyasi zilivyokuwa bado na maji pembeni na wachezaji wakiteleza. Nikamwambia namba kumi na moja alivyobanwa na mabeki wawili tangu mwanzo, jinsi watu walivyonyamaza bao la kwanza lilipoingia, jinsi mzee mmoja mbele yetu alivyovua kofia yake. Sikupandisha sauti wala kutumia mikono. Nilisema taratibu, kama mtu anayekumbuka. Ilikuwa mechi nzuri kuliko zote nilizowahi kutangaza. Nilipofika kwenye bao la pili nikaanza kulia, na sikuweza kujizuia, na mama akanyoosha mkono wake juu ya meza akauweka kichwani mwangu. Alifikiri nailia timu. "Ndivyo mpira ulivyo," baba akasema, akachukua kipande cha nyama.

Mama akarudi kuwa mama. Aliimba tena akishona. Jumatatu iliyofuata, nikiwa nimejificha ndani na kusema tumbo linaniuma, alipita kwa Mutiso akitoka sokoni na kusimama mbele ya wanaume wote wale. Niliyasikia baadaye kwa watoto wa jirani. Aliwaambia kwamba mume wake alikuwa mpirani jana, na mtoto wake alikuwa naye, na amemsimulia kila kitu, na kwamba mtu mzima anayeokota maneno ya mtoto aliyechanganyikiwa na kuyafanya kicheko anapaswa kuona haya. Kevo alimwomba msamaha. Mzee Makokha, ambaye hakukosa mechi hata moja, aliinamisha kichwa na kushughulika na kamba ya ngoma yake. Alikuwa na binti aliyeolewa Kayole. Nadhani alijua siku zote, na mtu aliyeona mengi kama yeye aliamua kwamba si juu yake kusema.

Sikurudi tena kwa Mutiso kutangaza. Kwa vyovyote vile hapakuwa na cha kutangaza. Baada ya kipigo kile Mwewe walifungwa tena, kisha tena nyumbani na timu ya mkiani. Namba kumi na moja wao aliumia goti. Wale wale waliokuwa wakimwita kocha fundi walianza kusema walishajua tangu mwanzo kwamba hafai. Kevo aliacha kupanga mechi, na mabishano ya Jumatatu yakawa ya kulaumiana, nani aliwaambia watu washangilie mapema, mpaka jioni moja Mutiso akaondoa redio kwenye nguzo na kusema anataka kufanya kazi. Jumapili baba aliendelea kuvaa fulana yake na kwenda. Aliporudi hakunisimulia tena. Alikuwa akinitazama tu kwa upande, kama mtu anayehakikisha kwamba mzigo uko pale alipouacha.

Ilikuja kujulikana mwezi wa nane. Baba alikuwa akioga, simu yake ikalia, mama akaipokea. Nilikuwa nikifanya kazi ya shule mezani na nilimsikia mama akisema kwa upole, "Umekosea namba, hapa hapana Baba Brian." Kisha akasikiliza. Nilijifunza baadaye kwamba aliyepiga ni mwanamke yule wa Kayole, na kwamba alimuuliza kama ni Mama Nekesa, akasema samahani, akakata. Mama aliiweka simu juu ya kabati pale pale ilipokuwa. Hapakuwa na kelele katika nyumba yetu wiki ile. Siku ya Ijumaa baba aliweka nguo zake kwenye sanduku, akambusu mdogo wangu, akanishika begani akaondoka, na alielekea upande ule ule tuliokuwa tumeelekea pamoja.

Alipokwisha kuondoka mama alinikuta nimeketi kitandani. Alisimama mlangoni. "Ulijua tangu lini?" akaniuliza. Ningeweza kudanganya tena, lakini sikuwa na nguvu. Nikamwambia tangu Jumapili ile. "Jumapili uliyonisimulia mechi," akasema, na nikasema ndiyo. Akaitikia kwa kichwa polepole, kama mtu anayesikia bei ya kitu ambacho hatakinunua. Akasema, "Yeye nilikuwa nimeacha kumwamini. Ndiyo maana nilikutuma wewe." Hakunipiga, na hakuniuliza kwa nini. Alikwenda jikoni kupasha chakula moto.

Karakana ya Mutiso haipo tena. Pale pamesimama jengo la ghorofa sita lenye maduka ya simu chini, na nyumba zetu za zamani zimeongezewa juu na pembeni mpaka huwezi kujua ya nani ilikuwa ipi. Mimi naishi mtaa wa Fedha na ninafundisha hisabati, somo ambalo jibu lake halibadiliki hata likisemwa na nani. Brian aliacha mpira kabla ya kumaliza shule, sasa anauza vipuri vya magari, na hunipigia simu baba akiugua. Humwita baba, nami humwita baba, na hatujawahi kuizungumzia siku ile. Mwaka huu Mwewe wameanza ligi vizuri tena. Walimu vijana shuleni kwetu hawana habari nyingine: kocha mpya, winga mpya, mwaka huu ni wetu. Siku hizi bao likifungwa liko kwenye kila simu kabla mfungaji hajamaliza kushangilia, na hakuna mtu anayeweza kumwambia mtoto wake kwamba aliona mechi ambayo haikuchezwa. Nawasikiliza nikisahihisha madaftari. Wakiniuliza maoni yangu husema sifuatilii mpira.

Jumapili huenda kumwona mama, bado yuko Umoja. Ananipokea vizuri, ananipikia, ananiombea kabla sijaondoka. Mwezi uliopita nilimpeleka hospitali kupima moyo, na daktari alipotuita kutupa majibu niliingia mimi, kwa sababu mama alikuwa amechoka, akabaki kwenye benchi. Habari zilikuwa nzuri. Tulipofika nyumbani nikamweleza yote: moyo uko sawa, dawa ni zile zile, hakuna upasuaji, arudi baada ya miezi sita. Alinisikiliza mpaka mwisho, mikono mapajani, akiitikia kwa kichwa, akasema asante mama. Kisha akaniomba ile karatasi ya daktari. Macho yake hayaoni tena maandishi madogo. Akainuka polepole, akafungua mlango, akamwita binti wa jirani, akampa karatasi ile, na kumwambia amsomee kilichoandikwa.